Mkono wa Mtu: Tamthilia ya Césaire Katika Darasa la Rumonge

Hapa mwambaoni Rumonge, kiongozi akiuawa au serikali ikipinduliwa, wazee husema kwamba pana mkono wa mtu. Usemi huo una hekima, kwani anayeutamka hakubali kudanganywa upesi. Lakini una hatari pia: akisha kuutamka hujiona amekwisha kueleza, wala haulizi tena mkono huo ni wa nani. Kwa kipimo hicho tunapenda kuihakiki tamthilia ya Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, iitwayo Une saison au Congo, iliyotolewa kwa Kifaransa mwaka 1966, juu ya siasa na mauti ya Patrice Lumumba.

Sifa ya kwanza ya tamthilia hii ni ujasiri wa maudhui yake. Césaire hakuridhika kutuonyesha wanasiasa peke yao. Anawaleta jukwaani wenye benki wa Kibelgiji, wanaohofia mali yao uhuru utakapofika. Mmoja anawatuliza wenziwe: Wakongo hao wanataka nini ila vyeo, magari na majumba? Basi wapewe. Hayo yanasemwa kwa shairi, na hadhira hucheka. Hata hivyo kicheko hicho kina uchungu, maana mtazamaji ameonyeshwa kwamba siasa ya nje ya nchi yaweza kutungwa mezani pa matajiri kabla haijafika bungeni.

Kasoro tunayoiona imo katika wahusika hao hao. Lumumba na Hammarskjöld wameachiwa majina yao. Mokutu na Tzumbi wamegeuzwa herufi chache tu, na hakuna asiyewatambua. Wenye benki, kwa upande wao, hawana jina lolote. Ni wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu. Twajua kwamba msanii ana haki ya kumfanya mtu kuwa ishara. Lakini fedha isiyo na jina hugeuka jini, na jini hawezi kushitakiwa.

Katika historia fedha hiyo ilikuwa na jina, tena ilikuwa na hesabu. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akaitangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake. Kampuni ya shaba ya Union Minière du Haut-Katanga, ambayo ndani yake Société Générale ya Brussels ilikuwa na nguvu kubwa, ikamlipa Tshombe kodi zake badala ya kuilipa serikali ya Léopoldville, na maofisa wa Kibelgiji wakaliongoza jeshi lake. Lumumba aliuawa huko Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani ilifichua kwamba CIA, shirika la ujasusi la nchi hiyo, lilikuwa limepanga kumpa sumu. Mwaka 2001 kamati ya Bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba baadhi ya mawaziri wa nchi yao walibeba dhima ya kimaadili kwa kifo hicho. Hatusemi kwamba kampuni ilitoa amri ya kuua. Twasema, na ushahidi waturuhusu, kwamba ililipa gharama za dola ambamo Lumumba aliuawa. Tofauti ya kauli hizo mbili ndiyo somo lenyewe.

Mwanafunzi akidhani kwamba hayo ni ya mbali, na atazame ng'ambo ya ziwa, milima ya Ubwari. Mwaka 1965 waasi wa Fizi na Baraka walifikiwa kwa siri na Wakuba wa Che Guevara, waliovuka kutoka Kigoma. Dhidi yao CIA ikaweka ziwani mashua za kasi zenye mabaharia Wakuba waliomkimbia Castro. Guevara alijiita Tatu, na wenzake wawili wakaitwa Moja na Mbili. Hesabu za Kiswahili zikawa kitambaa cha kufunikia uso, sawa na nambari za wenye benki wa Césaire. Siri, iwe ya rafiki au ya adui, hupenda nambari kuliko majina.

Kwa hiyo tunapendekeza tamthilia hii isomwe na wanafunzi wa madarasa ya juu, lakini isisomwe peke yake. Mwalimu awaagize kuandika safu mbili: katika ya kwanza yaliyothibitishwa, katika ya pili yanayodhaniwa. Kisha wafanye vivyo hivyo kwa kifo cha Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyepigwa risasi Usumbura tarehe 13 Oktoba 1961. Aliyefyatua risasi na Warundi waliokula njama walihukumiwa. Sehemu ya maofisa wa Ubelgiji ingali ikijadiliwa. Mwanafunzi atakayejua jambo lipi liwekwe katika safu ipi atakuwa ameufuata ule mkono hadi karibu na bega, na hapo ndipo wazee wetu walipokuwa wakituelekeza.