Sufuria ya Buluu na Hukumu ya Haraka

Katika somo la utamaduni niliwaonyesha wanafunzi nakala ya picha ya rangi za maji iliyochorwa na Mfaransa Paul Cézanne kati ya 1900 na 1906, mwaka aliofariki. Mezani kuna sufuria ya enameli ya buluu, jagi jeupe la maziwa, matofaa na kitambaa cheupe. Ndugu mmoja akahukumu papo hapo: hakuna mtu, hakuna jembe, hakuna mapambano, hii ni sanaa ya mabwanyenye. Darasa likampigia makofi.

Tukubali kwanza lililo kweli. Baba yake Cézanne alikuwa mfanyabiashara wa kofia aliyegeuka mwenye benki mjini Aix. Alipofariki mwaka 1886 aliacha urithi, na mchoraji huyu hakulazimika kuuza picha ili ale. Muda wake wa kutazama matofaa ulilipiwa na riba. Picha yenyewe sasa ni mali ya makumbusho ya Getty, Los Angeles, yaliyojengwa kwa utajiri wa mafuta.

Lakini kueleza asili ya mchoraji si kuichambua kazi yake. Katika mazungumzo ya Yan'an mwaka 1942, Mao Zedong alitaja vipimo viwili vya sanaa, cha siasa na cha usanii. Alikitanguliza cha siasa, lakini akaonya kwamba kazi isiyo na ubora wa kisanii haina nguvu hata ikiwa na siasa safi. Ndugu yetu alitumia kipimo kimoja tu, tena alimpima mtu badala ya picha.

Tuitazame basi. Rangi ya maji haifichi kosa, kwani ya chini huonekana kupitia ya juu. Cézanne alipaka rangi nyepesi, akangoja ikauke, akapaka nyingine, akirudia na mistari ya penseli. Penye mwanga mkali aliacha karatasi wazi. Weupe wa jagi lile ni karatasi tupu iliyozungushiwa rangi. Hiyo ni nidhamu ya kazi, na mfanyakazi yeyote ataitambua.

Pili, wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 walizoea kupanga mezani vyombo vya fedha na kauri za ng'ambo, fahari ya wafanyabiashara. Cézanne alichukua chombo cha jikoni, chenye thamani ya matumizi, akakipa heshima ileile. Hiyo ni hatua mbele.

Kasoro yake ni ipi? Nani aliisugua sufuria? Nani aliyachuma matofaa? Nani alikifua kitambaa? Picha iko kimya. Vitu vimesimama kana kwamba vimejileta vyenyewe mezani, na jasho limefutwa. Huo ndio uhakiki wa kitabaka, na tumeufikia kwa kuitazama meza ile, si kwa kukariri kaulimbiu.

Ndugu makada, jambo hili si la wachoraji peke yao. Kada hutumwa kijijini kueleza hali ya wakulima. Akizoea kutoa hukumu kabla ya kutazama, ataandika taarifa yake akiwa bado ndani ya gari, na wanyonge ndio watakaolipa gharama ya kosa lake. Aanze na sufuria: aitazame, aulize nani aliyeisugua, ndipo aseme.