Kilomita Mbaya Kuliko Zote

Wahenga hawakumpenda mchaguzi. Mchagua jembe si mkulima, walisema. Mchagua nazi hupata koroma. Mtu wa kazi alishika kilichokuwapo akaenda shamba. Ni maneno mazito, lakini aliyeyasema hakuwa amesimama Moshi mjini, karibu na Mnara wa Saa, akipanga kuuzunguka Kilimanjaro kwa pikipiki, kuvuka nyika ya Longido hadi Ziwa Natron, kutokea Mto wa Mbu, kwenda Kondoa, kisha kurudi nyumbani kwa njia ya Kibaya, Handeni na Same. Safari ya namna hiyo haimruhusu mtu kushika kilichopo. Jembe lake lazima lichaguliwe, na kulichagua ni kazi yenye ujuzi wake na mafundi wake. Kazi hiyo husifiwa mara chache. Tunamsifu aliyefika, tunamsifu hata aliyetengeneza. Aliyejua tangu mwanzo ni chombo gani kitafika, huyo tunamsahau.

Ustadi wake unaanza kwa kuisoma njia kabla ya kuitazama pikipiki. Kutoka Moshi kwenda Himo, Marangu, Mkuu hadi Tarakea ni lami, kona baada ya kona, migomba na kahawa kushoto na kulia. Pikipiki yoyote yenye breki nzima itakufikisha. Ukishapita Kamwanga na kuangukia upande wa magharibi wa mlima, nchi inageuka. Mvua inapungua, vihamba vinakwisha, na vumbi la volkano linaingia hata palipofungwa. Huko Kitendeni ni mapito ya tembo waendao na kurudi Amboseli, kwa hiyo hata mwendo si wako peke yako kuupanga. Mbele ya Longido, kuelekea Kitumbeine na Gelai, njia ni mawe, kisha mchanga wa makorongo, kisha mawe tena. Chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima uliomwaga majivu mengi mwaka 2007 na 2008, unakanyaga udongo mwepesi unaoficha jiwe lililo chini yake. Kutoka Mto wa Mbu unarudi kwenye lami, nayo inakupeleka Makuyuni, Babati na Kondoa bila shida, hasa tangu barabara ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018. Halafu inakuja Kibaya na udongo wake mweusi, ambao wakati wa masika hujaza madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asikate tu katikati ya Serengeti. Pikipiki haziruhusiwi kutembea ndani ya hifadhi za taifa. Sheria hiyo inamsukuma mwenye pikipiki pembeni, kwenye njia za wafugaji, na hapo ndipo barabara zilipo mbaya zaidi. Kwa hiyo mtu wa magurudumu mawili hana uhuru wa kukwepa. Anachoweza kufanya ni kujiandaa.

Ukijumlisha kilomita, lami inachukua sehemu kubwa ya mzunguko huo, na hesabu hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Wanachagua kwa ajili ya sehemu kubwa. Mjuzi wa kuchagua anatafuta kilomita moja tu, ile iliyo mbaya kuliko zote, na anauliza maswali yake yote akiwa pale. Lami itamsamehe mtu mwenye pikipiki ndogo. Atachelewa, mgongo utamuuma, lakini atafika. Korongo la Gelai halimsamehe mwenye pikipiki asiyoimudu.

Swali la kwanza pale korongoni ni hili: ikilala, nani ataiinua? Nasema ikilala, maana mchangani kila pikipiki hulala. BMW R 1250 GS, inayopendwa na wazunguka dunia wengi, ina kilo 249 tangi likijaa, kabla hujafunga mzigo wowote. Yamaha Ténéré 700 iko kwenye kilo 204 au zaidi kidogo. Royal Enfield Himalayan ile ya kwanza, ya cc 411, ina 199. Suzuki DR650 ina 166. Honda CRF300L iko karibu na 140. Ongeza hema, maji, spea na nguo, na kila tarakimu inapanda. Kuna namna ya kuinua: ukatie usukani upande mmoja, uipe pikipiki mgongo, uchuchumae, ushike usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mwingine, kisha usukume kwa miguu ukirudi kinyumenyume. Mtu mwenye afya ataiinua pikipiki kubwa hivyo mara ya kwanza, na mara ya pili. Mara ya tano, saa saba mchana, jua la Natron likiwa utosini, uzito uliokuwa karatasini unakuwa suala la usalama.

Mashine hizo kubwa hazikuzaliwa nzito hivyo. Mbio za Paris hadi Dakar zilipoanza mwishoni mwa mwaka 1978, mshindi wa pikipiki alikuwa Cyril Neveu, akiendesha Yamaha XT500, chombo cha silinda moja kinachopozwa na hewa. BMW walipotoa R 80 G/S mwaka 1980, pikipiki inayohesabiwa kuwa mama wa ukoo huu wote, ilikuwa nyepesi kuliko wajukuu wake kwa makumi ya kilo. Uzito ulikuja na soko. Wanunuzi wengi walikuwa Ulaya na Marekani, safari zao zilikuwa za lami, nao walitaka kiti cha joto, kioo cha kukata upepo, skrini na masanduku ya alumini. Jangwa likabaki kwenye jina na kwenye rangi ya tangi. Hizo ni mashine bora kwa kazi wanayozitumia. Kutoka Babati hadi Dodoma, kilomita 251 za lami, utaona raha yake. Lakini raha hiyo inalipiwa kule Gelai.

Wanaoujua ustadi huu kwa undani wapo mlimani tangu zamani, na hakuna anayewaita wataalamu. Simama asubuhi kwenye barabara inayoshuka kutoka Kibosho au Uru uwatazame madereva wa bodaboda wakiteremsha ndizi sokoni: mikungu minne, mitano, imefungwa kwa mipira ya tyubu kwenye keria iliyoongezwa kwa kuchomelea. Barabara ni udongo mwekundu, mwinuko mkali, na wakati wa masika inateleza kama sabuni iliyolowa. Dereva anayejua anashuka na gia ya pili, injini ikimshikilia, breki ya nyuma akiigusa tu. Chombo chake ni Boxer au TVS ya cc 125 au 150, na hakukichagua kwa matangazo. Wengi wao wako kwenye mkataba, wanapeleka hesabu kila siku kwa tajiri mpaka pikipiki iwe yao, kwa hiyo siku moja ya kulala gereji ni deni. Mtu wa namna hiyo akichagua, anachagua kweli. Anauliza spea zinapatikana wapi, chesisi inavumilia nini, lita moja inakwenda wapi. Mlima ukiwa mkali kuliko injini, anabadilisha sproketi ya nyuma na kuweka yenye meno mengi: anapoteza kasi ya lami, anapata nguvu ya kupanda. Ni uamuzi uleule anaoufanya mhandisi wa kiwanda, ila huyu ameufanyia pembeni ya barabara, na kesho yake ataupima kwa mzigo.

Hapo ndipo ninapowaelewa wahenga. Jembe walilolikejeli ni la mtu anayelichagua asijue shamba. Dereva wa Kibosho analijua shamba lake jiwe kwa jiwe, na uchaguzi wake ni sehemu ya kilimo chenyewe.

Swali la pili ni la pumzi. Injini hupoteza kiasi cha asilimia kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Mji wa Moshi uko kwenye mita 800 na kitu. Ukifika maeneo ya Londorossi umepita 2,000. Pikipiki yenye kabureta iliyotegwa kwa ajili ya mjini itaanza kukohoa huko juu: mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa, bomba linatoa moshi mweusi, plagi inashika masizi. Fundi mzuri haulizi maswali mengi. Anafungua plagi, anaitazama rangi. Kahawia ya kuiva ni salama, nyeusi ni mafuta mengi, nyeupe ni hatari ya kuunguza pistoni. Kisha anagusa skrubu ya kabureta au anaweka jeti ndogo zaidi, na kazi imekwisha. Pikipiki za kisasa zinazorusha mafuta kwa kompyuta hujirekebisha zenyewe, na hilo ni jambo jema mpaka siku kihisio kimoja kitakapokufa mahali ambapo mtu wa karibu mwenye kifaa cha kukisoma yuko Arusha.

Kwa hiyo swali la tatu, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote, ni fundi. Moshi hakuna shida. Kuna gereji, kuna maduka ya spea, kuna vijana wanaopima tapeti kwa sikio. Lakini fundi wa kumfikiria ni yule aliye mbali kuliko wote, anayekaa chini ya mti kule Engaruka na spana namba 10, 12 na 14, plaizi, pampu na viraka. Je, chombo chako anakijua? Mikono yake inaweza kufika kwenye plagi bila kuvua tangi na vifuniko vya plastiki? Rimu ya spoksi ikipinda juu ya jiwe, ataigonga na kuinyoosha, na tairi la tyubu ataliziba. Rimu ya alumini isiyo na spoksi ikipasuka, hata Moshi utahangaika. Cheni na sproketi anavijua. Chujio la hewa la sponji ataliosha kwa petroli na kulilowesha oili, kazi inayotakiwa karibu kila jioni kwenye vumbi la West Kilimanjaro. Ukichagua pikipiki inayotunzika kwa mikono ya mtu huyo, umejinunulia usalama ambao hakuna bima inayouuza.

Mambo mengine yanafuata kwa haraka. Gurudumu la mbele la inchi 21 hupanda jiwe ambalo la inchi 17 hujigonga nalo. Miguu yote miwili ifike chini, maana mchangani mara nyingi utatembea ukiwa umekaa. Tangi likupeleke kilomita 250 bila wasiwasi, na ukinunua petroli ya chupa kando ya njia, ichuje kwa kitambaa. Mzigo uwe kwenye mabegi laini, kwa sababu sanduku la chuma likikuangukia mguuni litauvunja.

Mtu atasema: basi nenda na Boxer, mjadala umekwisha. Nayo itafika, tangi lake la lita 11 litakubeba mbali kuliko mapikipiki mengi ya bei mara kumi. Tatizo lake ni shokapu fupi kwenye mawe, magurudumu madogo mchangani, na malori ya barabara ya Korogwe hadi Same ambayo yatakukalia mgongoni kwa sababu huna kasi ya kuyakimbia. Kati ya Boxer na BMW kuna nafasi pana, na nafasi hiyo ina historia kwetu. Maafisa ugani, wauguzi na watu wa misheni waliikalia kwa miaka mingi wakiwa na Yamaha DT125 na zile za AG zilizoundwa kwa ajili ya mashambani: silinda moja, gurudumu refu mbele, injini ambayo kila fundi aliikariri. Walifika vijiji ambavyo gari lilishindwa, wakarudi jioni.

Kwa mzunguko nilioueleza, basi, jibu langu liko wazi. Silinda moja, cc 250 hadi 450, uzito usiozidi kilo 200 na ikiwezekana chini ya 160, spoksi, inchi 21 mbele, na chujio linalofunguka bila vita. Lakini jibu hilo ni la mtu mmoja, mwenye mzigo mmoja, kwenye njia hiyo, wakati wa kiangazi. Mpe mchaguzi yuleyule mume na mke wanaokwenda Dodoma kwa lami tupu, atawaonyesha mashine ya kilo 240 bila kusita. Mpe kijana anayehama kutoka Tarakea kwenda Loliondo wakati wa masika, atamwambia asubiri mvua ikatike. Hivyo ndivyo unavyomtambua fundi wa kazi hii: anakuuliza unapita wapi, na lini, na ukianguka utakuwa na nani. Anayekupa jina la pikipiki kabla ya kuuliza hayo, huyo ni muuzaji.