Ukakasi na Nundu

Waonjaji wa mvinyo wangetuonea wivu kwa neno moja tu: ukakasi. Ukakasi si uchungu wala uchachu. Ni ule ulimi kukauka na fizi kukazana unapotafuna pera bichi au bibo ambalo halijaiva. Mvinyo mwekundu mzito wa Ufaransa umesimama juu ya neno hilo. Tanini za maganda na mbegu za zabibu hunasa protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake, na kinywa kikabaki kama kimepakwa vumbi.

Mimi niliujulia mezani, Geita, tena kwa kuumbuka. Rafiki alileta chupa ya Madiran kutoka kusini-magharibi mwa Ufaransa. Zabibu yake, Tannat, ina ukakasi mkali kiasi kwamba mwaka 1991 mtengenezaji wa huko, Patrick Ducournau, alibuni njia ya kupitisha viputo vidogo vya oksijeni kwenye mvinyo ili aulainishe. Nami, kwa ukarimu wetu wa Kanda ya Ziwa, nikaagiza sato mzima wa kukaanga. Funda lililofuata samaki lilikuwa kama nimelamba karai la mchimbaji. Tukadhani mvinyo umeharibika.

Ulikuwa mzima. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walieleza chanzo cha fedheha hiyo: chembe za chuma zilizomo katika mvinyo mwekundu, zikikutana na mafuta ya samaki, huibua shombo papo hapo mdomoni. Katika mji unaoishi kwa madini, nilishindwa na madini yaliyo ndani ya glasi!

Mama wa Kisukuma hangefanya kosa langu. Mtazame na mgagani. Anajua ni mchungu, kwa hiyo anauchemsha, anamwaga maji, kisha anautia maziwa na kuuacha utulie jikoni. Chai ya rangi iliyokolea nayo hukausha ulimi; itie maziwa, inanyamaza, kwa sababu tanini zimepata protini nyingine ya kushikana nayo. Wenyeji wa Madiran hufuata akili hiyohiyo: mvinyo wao huuweka kando ya bata aliyepikwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake mwenyewe.

Sisi Shinyanga bata wa namna hiyo hatuna, ila tuna nundu. Ng'ombe wetu wa kienyeji hubeba mgongoni kitoweo ambacho Mfaransa angekitungia wimbo. Nilipoipata chupa nyingine ya Madiran nilikuwa Kahama, na safari hii nikachoma nundu polepole, chumvi tupu, hadi mafuta yakaanza kudondokea mkaa. Tafuna kwanza, kisha piga funda dogo, ulisukutue kinywani kabla ya kumeza. Ukakasi ulipata kazi ya kufanya. Mafuta yakakatika, nyama ikazidi utamu, na nyuma ya yote ikaja ladha niliyoijua tangu utotoni, ya zambarau zilizoiva hadi kuanguka.

Pilipili mbuzi niliiweka mbali. Huzidisha ukali wa kileo na ukakasi, halafu huonji tena chochote. Na msidanganywe na ule usemi kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Cha Kahama mchana ni 30. Chupa ianzie kwenye friji hadi ipoe kiasi hicho. Barafu ndani ya glasi ni kuukosea adabu.

Chupa ya Ufaransa ina bei, najua. Basi anzeni na mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma, wa zabibu ya Makutupora, halafu mwiteni mchoma nyama mnayemwamini. Sato mwacheni na ndimu yake.