Makali Yaliyosuguliwa Kabla ya Kuzaliwa: Bapa za Obsidiani za Elmenteita

Wembe wa kukunja wa kinyozi hupata makali kwa kupunguzwa: husuguliwa kwenye kinoo cha chembe kubwa, kisha cha chembe laini, mpaka pande zake mbili zikutane, na mwishowe hupitishwa kwenye mkanda wa ngozi ili uzi mwembamba wa chuma uliosalia ukingoni, ambao ndio unaokwaruza shavu, uondoke. Wafugaji walioishi katika Bonde la Ufa la kati takriban miaka 3,000 iliyopita, ambao zana zao mwanaakiolojia Louis Leakey alizichimbua katika Pango la Gamble mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuziita za Elmenteita, walifuata mpangilio wa kinyume, kwani wao walisugua kabla makali hayajakuwapo.

Malighafi yao ilikuwa obsidiani, yaani kioo cha volkano kilichopoa haraka mno hata fuwele zisipate kuumbika, na nyingi ilitoka katika miteremko ya juu ya Mlima Eburru. Kwa kuwa kioo hicho hakina mishipa ya kuupotosha mpasuko, kazi yote ya fundi ilikuwa kuielekeza nguvu ya pigo. Jiwe-mama, yaani bonge linalobanduliwa bapa, lilipaswa kuwa na tuta lililonyooka ubavuni, maana mpasuko hufuata tuta, na tuta lililopinda huzaa ubapa uliopinda. Kisha ukingo wa juu ulidonolewa na kusuguliwa kwa jiwe jingine hadi mdomo mwembamba ulioachwa na ubapa uliotangulia uishe, kwani mdomo huo ukibaki huvunjika kwanza na kuimeza nguvu yote. Msuguo huo ungali unaonekana kwenye kisigino cha ubapa, yaani ncha iliyopokea pigo, na pengine hakuna alama inayoonyesha subira ya mafundi hao waziwazi zaidi.

Ubapa ulipobanduka, makali yalikuwa tayari pande zote mbili, membamba kuliko ya chuma kilichonolewa. Kuyanoa tena kungeyaharibu, kwa sababu kioo hakipindiki bali humeguka. Ndiyo maana bapa ndefu zilikatwa vipande na kuchongwa upya kuwa zana ndogo. Obsidiani hiyo ilifika hadi Gogo Falls, karibu na Ziwa Victoria, takriban kilomita 200 kutoka Eburru, ingawa mawe mengine ya kuchonga yalipatikana huko huko.