Birmingham walipokosea: saa 73 zilizogeuka 40

Wanaofuatilia mambo ya maktaba hawajalisahau tangazo la Desemba 2014. Baraza la Jiji la Birmingham, lililokuwa limefungua maktaba mpya ya pauni milioni 188.8 miezi 15 tu kabla, liliwawekea wananchi rasimu ya bajeti iliyotaka maktaba hiyo ifanye kazi saa 40 kwa wiki badala ya 73, na nafasi 100 hivi za kazi kati ya 188 zifutwe. Hasira za watu zikawaangukia waliotoa tangazo. Lakini hao walirithi hesabu iliyokwisha kuharibika. Kosa lilifanyika kabla mafundi hawajaingia uwanja wa Centenary Square kuanza ujenzi Januari 2010, pale madiwani walipoidhinisha mkopo mkubwa wa kujenga na wasifunge, katika uamuzi uleule, fedha za kuliendesha jengo likishasimama.

Uamuzi huo ulikuwa mbaya tangu siku ya kwanza, na ulionekana kuwa mbaya siku hiyohiyo.

Kazi ya wasanifu haina lawama: Francine Houben na kampuni yake ya Mecanoo ya Uholanzi waliwapa watu ghorofa kumi, bustani juu ya paa, ukumbi wa wazi chini ya uwanja na hifadhi nzuri ya nyaraka, na jengo likakamilika bila kuvuka bajeti. Yaishie hapo. Magazeti ya usanifu yamekwisha kuzisifu zile pete za alumini zilizolizunguka jengo, na Malala Yousafzai alipolifungua tarehe 3 Septemba 2013 picha zilisambaa dunia nzima.

Turudi kwenye hesabu. Baraza la mji hukaa na mifuko miwili: bajeti ya maendeleo, inayoruhusiwa kukopa, na matumizi ya kawaida, yanayolipa mishahara, umeme, usafi na vitabu. Kwa sheria za Uingereza, mkopo wa ujenzi haulipi mshahara wa mkutubi. Lakini marejesho ya mkopo huo hutoka kwenye mfuko wa pili, uleule unaomlipa mkutubi. Hapo ndipo mtego ulipo. Kila pauni iliyokopwa ili kupandisha ukuta ilikuja baadaye kugombea nafasi na mtu wa kukaa mezani na kumwelekeza msomaji. Wakati wa lile tangazo, maktaba ilikuwa inaligharimu baraza kiasi cha pauni milioni 22 kwa mwaka: milioni 10 za kuendesha na milioni 12 za kuhudumia deni.

Mchambuzi yeyote akizitazama namba hizo mbili anajua kisu kitaangukia wapi. Deni halipunguzwi kwa kura ya madiwani. Ile milioni 12 ina mkataba, ina tarehe, ina mdai. Milioni 10 ina wafanyakazi, saa za kufungua na vitabu. Serikali kuu ilipoibana miji, maumivu yote yakabebwa na ule upande mdogo. Na hata ndani ya upande huo, jengo lazima litunzwe lifungwe au lifunguliwe. Nyaraka za Boulton na Watt, watengenezaji wa injini za mvuke, zilizohifadhiwa humo zinataka hewa yenye joto na unyevu uleule usiku na mchana, kuwe na msomaji au kusiwe na msomaji. Kinachobaki kukatwa ni mtu na saa yake. Ni kama mtu aliyechukua daladala mpya kwa mkopo wa benki, akasahau kwamba kesho yake itahitaji dereva na mafuta.

Ratiba inaonyesha ni nani walioumia. Mwanzoni milango ilifunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, Jumamosi saa 3 hadi saa 11 jioni, na Jumapili saa 5 hadi saa 10. Kuanzia Aprili 2015, Jumatatu na Jumanne ikawa saa 5 asubuhi hadi saa 1 usiku, Jumatano hadi Jumamosi saa 5 hadi saa 11 jioni, na Jumapili kufuli. Anayeingia kazini saa 3 asubuhi na kutoka saa 11 jioni alibakiwa na jioni mbili na Jumamosi. Mwanafunzi anayeishi nyumba yenye watu wengi, ambaye saa 2 asubuhi alikuwa na meza, joto na intaneti, sasa alisubiri nje hadi saa 5. Jengo hili lilinadiwa kama mahali pa jamii nzima, si ghala la vitabu tu. Mahali pa jamii panapofungwa Jumapili, siku ambayo jamii ina nafasi, pamekosa kazi yake kuu. Na haya yalitokea kwenye jengo lililokuwa limepokea watu zaidi ya milioni 2 kwa mwaka.

Kisha vikaja vitabu. Katikati ya 2015 wasomaji katika maktaba za jiji hilo waliombwa kwa matangazo watoe vitabu vyao, vilivyochapishwa ndani ya miezi 12 iliyopita, kwa sababu fungu la kununulia vipya lilikuwa limebanwa. Jiji lililotumia pauni milioni 188.8 kwa jengo likawa linamwomba mwananchi riwaya.

Watetezi wa uamuzi ule wana hoja moja, nayo ni kwamba hakuna aliyeweza kuuona ubanaji wa matumizi ulioanza na serikali ya 2010. Haitoshi. Mabenki yalianguka 2008, na Mecanoo walichaguliwa mwaka huohuo. Ujenzi ulianza Januari 2010, wakati kila mhasibu wa serikali za mitaa Uingereza alikwisha kujua kwamba miaka ya neema imepita. Isitoshe, baraza lilikuwa na moto wake wa ndani. Wanawake waliolipwa chini ya wanaume kwa kazi zenye thamani sawa walikuwa wamelishtaki, na Aprili 2010 zaidi ya 4,000 kati yao walishinda. Oktoba 2012 Mahakama ya Juu ikafungua mlango kwa wengine waliokwisha kuacha kazi. Mwaka 2015 jiji liliuza kumbi zake za maonyesho na mikutano za NEC kwa pauni milioni 307 ili kulipa madai hayo. Mwenye mzigo wa namna hiyo begani hasaini mkopo wa miaka mingi kabla ya kuandika ni fungu gani litakalomlipa mkutubi.

Kinachouma zaidi ni kwamba mji uliokosea hivi ndio mji uliowahi kuwafundisha wengine. Joseph Chamberlain alikuwa meya wa Birmingham kuanzia 1873 hadi 1876. Afrika Mashariki inamjua kwa sura nyingine kabisa, Waziri wa Makoloni aliyeshuka Mombasa Desemba 1902, akapanda reli ya Uganda na mwaka uliofuata akaitoa ofa ya ardhi ya watu wengine kama mali yake. Kwa hilo hana cha kusifiwa. Lakini kama mtu wa hesabu za mji alikuwa bingwa. Mwaka 1875 alizifanya kampuni za gesi kuwa mali ya jiji, na faida ya gesi ikageuka chemchemi ya fedha kila mwaka. Sheria ilipoubana mji usitoze kodi kubwa kwa ajili ya sanaa, Kamati ya Gesi ikajenga ofisi zake na kuliweka jumba la sanaa juu yake, likafunguliwa 1885. Chanzo cha mapato na huduma vikakaa chini ya paa moja. Huo ndio ufundi uliokosekana miaka ya 2000.

George Dawson naye hapaswi kusahauliwa. Mhubiri huyo ndiye aliyekuwa msukumo wa Maktaba ya Shakespeare iliyoanzishwa 1864, na rafiki zake ndio walioipigania maktaba ya rejea hadi ikafunguliwa Jumapili mwaka 1872, ili fundi wa kiwandani, aliyekuwa na siku moja tu ya mapumziko, naye asome. Moto wa Januari 1879 uliteketeza karibu kila kitu. Jiji likajenga upya, na 1882 milango ikafunguliwa tena, pamoja na chumba cha Shakespeare kilichosanifiwa na John Henry Chamberlain. Chumba hichohicho, na mbao zake zilizochongwa, sasa kimeketi juu kabisa ya jengo la 2013 ndani ya duara la dhahabu. Mbao zimehifadhiwa vizuri. Jumapili ya Dawson haikuhifadhiwa.

Shujaa wa tatu ni Andrew Carnegie, na safu hii haitachoka kumtaja. Mskoti huyo aliyetajirikia Marekani alilipia maktaba 2,509 duniani, na sharti lake kwa mji ulioomba lilikuwa fupi: toeni kiwanja, kisha mjifunge kutoa kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa ajili ya kuliendesha. Mji uliokataa haukupata kitu. Wapo waliomwona mgumu, na miji kadhaa ilikataa fedha zake. Lakini sharti hilo lilimlazimisha diwani kuuliza swali la mkutubi kabla ya swali la msanifu. Kwa kipimo hicho, jengo la pauni milioni 188.8 lingedai karibu milioni 18.9 za uendeshaji kila mwaka, bila deni lolote juu yake, maana Carnegie alitoa fedha taslimu. Hata nusu ya sharti hilo, milioni 9.4, ingekaribia kabisa ile milioni 10 ambayo baraza lilishindwa kuilinda. Kwa hiyo hesabu iliwezekana. Kilichotakiwa ni jengo dogo zaidi, au mkopo mdogo zaidi, au vyote viwili.

Na jengo la zamani je? Maktaba ya John Madin, piramidi ile ya zege iliyopinduliwa juu chini, ilifunguliwa 1974 na ikavunjwa 2016. Washauri wa urithi wa serikali walipendekeza zaidi ya mara moja ilindwe kisheria, mawaziri wakakataa. Kisa chake ni dhambi ileile kwa mlango mwingine. Madin alitaka mawe ya kung'aa kwa nje, akapewa zege kwa kubana fedha. Alipanga bustani za maji, hazikuwekwa. Kituo cha mabasi chini yake hakikutumika. Baadaye uwazi wa katikati ukafunikwa kwa vioo na kujazwa maduka ya chakula cha haraka. Jengo lililonyimwa matunzo kwa miaka 30 likaambiwa limezeeka, na kuzeeka huko kukawa sababu ya kukopa kwa ajili ya lingine, huku kiwanja chake kikienda kwa mradi wa Paradise, ambao sehemu yake kubwa ni ofisi. Hakuna anayesema lilikuwa halivuji wala halihitaji kazi. Kinachodaiwa hapa ni kwamba tabia ya kutotenga fedha za matunzo ndiyo iliyoliua la kwanza, na tabia hiyo ilihamia kwenye la pili pamoja na makabati.

Majaji wa tuzo nao wanahusika. Jengo jipya liliingia fainali za Tuzo ya Stirling ya usanifu ya 2014. Miezi miwili baada ya sherehe likaja lile tangazo la saa 40. Tuzo inayotolewa mwaka wa kwanza haiwezi kujua kama maktaba inafanya kazi. Ingesubiri miaka mitano na kuomba ratiba ya kufungua pamoja na picha.

Dawa ilipatikana 2016, nayo ilikuwa ya kawaida mno. Kituo cha kufundisha lugha cha Brasshouse, mali ya jiji lenyewe, kilihamishiwa ndani ya maktaba, na saa za jengo kufunguliwa zikapanda hadi 66 kwa wiki. Mpangaji anayefaa, mwenye wanafunzi wake na wafanyakazi wake, alikuwepo mjini muda wote. Angeweza kuwekwa kwenye michoro ya 2009, akapewa ghorofa yake na mlango wake, na mchango wake ukaandikwa katika hesabu kabla ya msingi kuchimbwa. Badala yake aliitwa kama mwokoaji, baada ya wakutubi wenye uzoefu wa miaka mingi kuondoka. Ujuzi wao haukurudi na mpangaji. Anayejua barua fulani ya James Watt imo sanduku gani hapatikani kwa tangazo la kazi.

Tarehe 5 Septemba 2023, miaka kumi na siku mbili tangu utepe ukatwe, Baraza la Jiji la Birmingham lilitoa ilani ya kisheria ya Kifungu 114, yaani kukiri kwamba haliwezi kusawazisha bajeti yake. Maktaba haikuwa chanzo. Madai ya mishahara sawa na mfumo mpya wa kompyuta vilikuwa vikubwa kuliko yote. Lakini makamishna wa serikali walipoingia na orodha ya vya kukata ikaandaliwa, maktaba za mitaa zikawekwa humo, zile ndogo ambazo mama huenda kwa miguu na mtoto wake. Marejesho ya mkopo wa jengo la 2013 hayakuwekwa kwenye orodha hiyo, kwa sababu hayawezi kuwekwa.