Chumvi Kwanza, Kutu Baadaye

Upawa wa kuchotea aluminiamu iliyoyeyuka ukiwa na kutu, hatari yake inazidi uchafu. Kutu imeshikana na maji ndani yake, tena ina vijitundu vinavyofyonza unyevu wa hewani. Upawa huo ukizamishwa katika aluminiamu ya nyuzi 700, maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke hutaka nafasi kubwa mara 1,600 hivi kuliko maji. Metali huruka, na anayeipokea ni mkono au uso wa fundi.

Ndiyo maana kazi iliyofanywa baada ya masika katika karakana moja ya Kiembe Samaki, Unguja, inastahili kutazamwa kwa makini. Pawa za chuma, koleo, ufito wa kukorogea na kalibu ya chuma ya kusubia chubwi za wavuvi vilikuwa vimelala miezi yote ya mvua. Wengi wangeanza na msasa. Fundi wa karakana hiyo alianza na ndoo ya maji baridi ya kisima.

Alikuwa na sababu, nayo ni chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika asilimia 75, na zile chumvi za magnesi zilizomo katika maji ya bahari huanza mapema zaidi, kwenye asilimia 33 hivi. Hewa ya Unguja mara nyingi iko juu ya viwango vyote viwili. Basi chuma kilichoingiwa na chumvi hakikauki hata kikiwekwa ndani ya nyumba. Nayo chumvi hukaa chini kabisa ya mashimo ya kutu: msasa unapita juu yake, mafuta yanaifunika, na baada ya muda kutu inachomoza chini ya mafuta. Watu hulaumu mafuta bure.

Baada ya kuloweka na kubadilisha maji mara kadhaa, alijaza beseni la plastiki maji na magadi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita. Upawa ulifungwa waya wa hasi wa chaja ya betri ya gari, volti 12. Vipande vya nondo vilivyouzunguka bila kuugusa vikafungwa waya wa chanya. Umeme ukipita, kutu hulegea na kuwa utando mweusi unaofutika kwa brashi, na kloridi ya chumvi iliyojificha huvutwa kuelekea kwenye nondo. Wahifadhi wa mizinga ya chuma iliyoopolewa baharini hutumia njia hii hii. Beseni hukaa nje, mbali na moto, kwa kuwa viputo vinavyopanda ni haidrojeni. Chuma cha pua kisitumike badala ya nondo. Hutoa kromiamu yenye sumu.

Ndimu na siki zinafaa kwa koleo, kwa muda mfupi. Asidi haichagui: hula kutu, kisha hula chuma kizima, na uso wa kalibu ukiliwa, chubwi hutoka na makovu. Kwenye kalibu ya kusubia risasi, kama hii ya chubwi, siki ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu mabaki ya risasi yakikutana nayo hutoa chumvi yenye ladha tamu ambayo ni sumu kali. Kalibu hiyo ilisuguliwa ikiwa imelowa, vumbi lisiruke, na kwa chombo ambacho hakitarudi jikoni.

Vifaa vilikaushwa juu ya makaa, vikapakwa oili nyembamba vingali na joto. Mafuta ya nazi nisingeyachagua. Hayagandi kuwa utando, hufutika kwa kuguswa tu. Kisha vikatundikwa ukutani kwenye mbao, si kwenye gunia wala juu ya saruji, kwani vyote viwili hutunza unyevu.

Lakini oili inayolinda ghalani huharibu kazi tanurini. Ikiungua ndani ya kalibu hutoa gesi, na gesi huacha matundu katika kitu kilichosubiwa. Kwa hiyo siku ya kazi huchomwa yote. Halafu upawa hupakwa uji wa chaki, kwa sababu aluminiamu ya moto huyeyusha chuma kidogo kidogo, na chuma hicho huifanya iwe rahisi kuvunjika. Uji ukikauka, upawa hupashwa kwenye ukingo wa tanuri kabla ya kuzamishwa. Fundi hufanya hivyo kila asubuhi, hata kwa upawa uliotumika jana, maana chaki nayo hufyonza unyevu usiku kucha.