Rosa Hana Daftari

Mwezi uliopita binti wa jirani yangu hapa Mkomaindo, Masasi, aliniomba riwaya ya msichana anayesomea uhandisi. Yuko kidato cha tano, anachukua fizikia, kemia na hisabati, na anautaka uhandisi wa maji. Nilipekua kabati zima nikakosa. Nikampa Rosa Mistika. Siku tatu baadaye kairudisha: "Dada, huyu mbona hasomi?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Ana haki. Katika riwaya hiyo ya 1971, Kezilahabi alimtoa Rosa Ukerewe, akampitisha sekondari, akamfikisha chuo cha ualimu Morogoro, mwisho akamuua. Najua alikuwa akimshitaki baba anayemlea binti kwa viboko, na shitaka hilo lina uzito hadi leo. Lakini wanaume wa Rosa nawakumbuka. Somo alilolipenda silikumbuki hata moja. Chuo kimekuwa mahali pa kuharibikiwa tu.

Wenzangu mtasema ndivyo hali ilivyokuwa. Sibishi. Kule Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzee Punch alikuwa akibandika ukutani michoro na maneno ya kuwadhalilisha wanafunzi wa kike, bila jina la mwandishi. Mwaka 1990 Levina Mukasa alijiua baada ya kuandamwa. Ile nayo ilikuwa fasihi, jamani, tena ilisomwa kuliko mashairi yetu! Na mimi, chuoni nilikosomea umeme, tulikuwa wasichana wanne darasani. Nikifaulu, "kabebwa". Nikifeli, "si tulisema?" Mwandishi wa ukutani alikusudia kuumiza, mwandishi wa riwaya alikusudia kutuonea huruma, lakini wote wawili walitazama mwili wa msichana, daftari lake hawakulifungua.

Bibi yake binti huyu yuko Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Maji hutoka bondeni, husukumwa kwa pampu, na pampu ikifa ndoo inarudi kichwani kwa mwanamke. Hapo ndipo uhandisi wake ulipoanzia, wala si kwenye sinema.

Basi, waandishi vijana, tuandikieni msichana anayekosea hesabu ya pampu hiyo usiku kucha, akairudia mpaka ikakubali. Mchumba awe naye akitaka. Ila mwishoni awe hai, na pampu inafanya kazi. Nina msomaji anayesubiri, na kidato cha sita hakiko mbali.